Usiku Mmoja wa Bwana Dubu

Hapo zamani za kale, na zamani hiyo ilikuwa ya baridi kali, palikuwa na mto mdogo kule Kanada ulioitwa Mto Kombo. Msinitazame hivyo. Nani aliwaambia hadithi lazima zitoke kwetu tu? Kanada nako wapo wanyama, wana nyumba zao, wana watoto wao, na majirani wasumbufu wanao tele.

Mto Kombo ulianzia juu vilimani, kwenye kinamasi kilichozungukwa na misonobari. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa, kwa sababu ya majani yaliyoangukia humo yakaoza. Ulitoka hapo ukiparamia mawe, ukaanguka kwenye poromoko moja la kimo cha nyumba, pwaaa, kisha ukafika bondeni penye udongo laini. Basi hapo ndipo ulipochanganyikiwa. Badala ya kwenda zake ziwani, ulikata kulia, ukakata kushoto, ukarudi ulikotoka kama mtu aliyesahau funguo nyumbani.

Kona kubwa kuliko zote iliuzunguka uwanja wa matete mpaka mto ukakaribia kujigusa wenyewe. Kati ya maji yanayokwenda na maji yanayorudi palibaki ukanda mwembamba wa udongo, na wenyeji waliuita Shingo. Hata Makame hapa, na uvivu wake wote, angerusha jiwe likavuka upande wa pili.

Ndani ya kona hiyo aliishi Bi Sikudhani, panya-maji. Panya-maji si yule wa kwenye dari zenu. Huyu ana manyoya mazito yasiyopenyeza maji, na mkia mrefu uliobinywa ubavuni, anaoutumia kama usukani akiogelea. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Nyumba yake aliijenga mwenyewe kwa matete na tope, katikati ya maji ya kina kifupi, na mlango akauweka chini ya maji ili wageni wasioalikwa wapate taabu.

Mgeni asiyealikwa alikuja siku za majani kupukutika. Ardhi ilianza kutikisika, ndi, ndi, ndi, na sauti nzito ikaita, "Hodi hapa."

Sikudhani akatoa kichwa majini. Ukingoni alisimama Bwana Dubu, amenenepa mpaka tumbo linafagia nyasi.

"Karibu, mzee," akasema Sikudhani.

"Sikuja kukaribishwa. Hii nyumba yako imesimama palepale trauti wanapopumzikia. Kila nikitia mkono nitoe samaki, natoa matete. Kesho nikiamka sitaki kuiona."

"Kesho? Mzee wangu, nina watoto wadogo."

"Watoto wana miguu."

"Miguu wanayo, pa kwenda hawana. Huko juu maji yanakimbia mno. Huko chini ziwani yuko kicheche, ndiye aliyemla baba yao."

"Hayo ni ya kwako," akasema Dubu, akijikuna mgongo kwenye mti. "Kesho nikiikuta naikanyaga. Atakayekuwa ndani, shauri yake."

Dubu huyu hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Mwaka uliopita alikalia nyumba ya bata na mayai yake yote, halafu akalalamika kwamba amelowa.

Sasa ngojeni. Kuna mila moja ya Mto Kombo lazima niwaeleze, la sivyo mtakaa hapo mmeduwaa.

Mnajua kwamba dubu, baridi ikianza, huingia pangoni akalala mpaka baridi iishe. Analala wakati theluji inaanguka, analala wakati mto unaganda, anaamka majani mapya yanapochipua. Sasa, zamani hizo, mtoto mmoja wa sungura alimwambia babu wa huyu Bwana Dubu, "Babu, umelala miezi mingi!" Babu akaona ameitwa mvivu mbele za watu. Kofi alilompiga yule mtoto lilisikika mpaka kwenye poromoko.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo adabu ya mto mzima. Mzee akiamka, unamsalimia kana kwamba amelala jana. "Umeamkaje, mzee? Usiku ulikuwaje?" Naye anajibu, "Mzuri, ila ulikuwa na upepo, naona majani yote yameanguka." Na wewe unaitikia, "Upepo ulikuwa mkali kweli." Ikaendelea hivyo, baba mpaka mtoto, hadi dubu wenyewe wakaamini. Bwana Dubu alikuwa mtu mzima mwenye mvi kwenye pua, na hakuwahi kusikia kwamba duniani kuna majira ya baridi.

Kwa hiyo Sikudhani alipotaka kusema, "Mzee, baridi inaingia," alijiuma ulimi. Na alipojiuma ulimi, wazo likamjia.

"Mzee," akauliza taratibu, "ukisema kesho ukiamka, ni usiku wa leo ukishapita?"

"Kwani kuna usiku mwingine?"

"Hakuna, mzee. Ninauliza kwa sababu nyumba hii imeshika mizizi, siwezi kuihamisha. Nilikuwa nafikiri, labda nihamishe mto."

Dubu akaacha kujikuna. "Uhamishe nini?"

"Mto, mzee. Nyumba ibaki hapa, mto uende kando na samaki wako wote. Hapo matete hayatakusumbua tena."

Dubu alicheka mpaka akakaa chini, puu. Machozi yalimtoka. "Wewe? Ulivyo mdogo hivyo? Usiku mmoja?"

"Huohuo utakaolala wewe. Ukiamka ukaukuta mto unapita kwingine, utaniachia kona hii mimi na wanangu, na hutatia mguu hapa. Ukiukuta palepale, nitaondoka na wanangu bila hata kubeba mkeka."

"Haya, aitwe Mjumbe," akasema Dubu, bado anajipangusa macho. "Neno hili lisije likaliwa."

Mjumbe alikuwa Kobe wa majini, na neno likisemwa mbele yake halirudishwi nyuma. Sikudhani hakuwa na wasiwasi naye. Mjumbe Kobe naye, baridi ikianza, hujizika kwenye tope chini ya mto akalala vilevile.

Kobe alisikiliza pande zote mbili kwa utulivu mkubwa, akasema, "Nimesikia. Nami usiku huu nitalala hapahapa chini ya kona, nione kwa macho yangu kama maji yataondoka."

"Utaonaje na umelala, Mjumbe?" aliuliza Fisi Maji, si fisi wa mifupa bali mwogeleaji mla samaki, jirani wa ng'ambo, aliyekuwa amekuja kutazama tu, maana kila penye ugomvi yeye hakosi.

"Usingizi wangu ni mwepesi," Kobe akajibu, akazama.

Bwana Dubu akapiga miayo, akapanda kilimani kwenye pango lake, akalala fofofo.

Fisi Maji alisubiri mpaka mkoromo ulipoanza kusikika. "Jirani," akasema, "mzee umempata. Usiku wake ni mrefu, hilo tunalijua sote. Lakini mto ni mto. Utauhamisha kwa nini, kwa hivyo vimeno?"

"Kwa hivi vimeno. Kila mwaka barafu ikiyeyuka, maji yanakula Shingo huku na huku. Imebaki nyembamba. Ikikatika, mto utapita hapo moja kwa moja, hautakumbuka tena huku konani."

"Itakatika, ndiyo, lakini labda baada ya miaka mitatu, minne."

"Sina miaka mitatu," akasema Sikudhani. "Nina usiku mmoja wa Bwana Dubu."

Theluji ikaanguka. Bonde likawa jeupe pe. Mto ukafunikwa barafu, na sisemi ile ya vipande unayotiliwa kwenye juisi. Hii ilikuwa barafu nene ambayo ng'ombe angepita juu yake na mkokoteni wake. Lakini chini yake maji yaliendelea kutembea kimyakimya, meusi na baridi ya kukata, na humo ndimo Sikudhani alimofanyia kazi.

Alianza kutoboa ukingo wa Shingo chini ya maji, mahali ambapo udongo haukuganda. Akang'ata, akaparua, akasukuma tope nyuma kwa miguu. Pumzi ikimwishia alirudi mbio kwenye tundu alilolitoboa kwenye barafu na kulifunika kwa matete, akatoa pua, akavuta hewa, akarudi chini. Chakula chake kilikuwa mizizi ya matete, leo mizizi, kesho mizizi. Mkilalamikia maharage, mkumbukeni huyo.

Fisi Maji yeye alikuwa juu, anateleza kwenye theluji kwa tumbo, sererere, tubwi ndani ya shimo la maji, anatoka, anapanda tena. Kila akipita aliita, "Jirani, mto umefika wapi?"

"Uko njiani," Sikudhani alijibu.

Siku moja handaki lilimwangukia. Alitoka akiwa amejaa tope mpaka masikioni, na kazi yote ya nyuma imeziba. Aliingia ndani, akalala kifudifudi katikati ya wanawe, akalia.

"Mama, tuhame tu," mkubwa wao akasema.

"Tuhamie kwa kicheche?"

Sikudhani akajipangusa, akatafuna kipande cha mzizi, akarudi kazini. Safari hii alichimba chini zaidi, penye udongo mgumu usioanguka, na kwa hiyo kazi ikawa polepole zaidi.

Kisha jua likaanza kupata nguvu. Matone yakaanza kudondoka kwenye misonobari. Sikudhani alijua maana yake, akazidisha mwendo, lakini maji hayakumngoja. Asubuhi moja barafu ya kule juu ikapasuka, kraa, na mlio ukashuka bondeni kona kwa kona. Mapande makubwa yakaja yakiporomoka kwenye poromoko, yakagongana, yakapandana, na yalipofika kwenye kona kubwa yakakwama. Yakajazana hapo yakawa ukuta.

Maji yakakosa njia. Yakaanza kupanda.

Yakaifikia nyumba ya Sikudhani, yakaingia chumba cha chini, yakaingia cha juu. Akawatoa wanawe, akawapandisha mmoja mmoja kwenye tawi la mti ulioinama ukingoni. Kutoka hapo aliiona Shingo. Maji yalikuwa yameifikia kooni, lakini imesimama. Handaki lake lilikuwa limebakiza kipande kidogo tu cha udongo.

"Shikeni tawi," akawaambia. "Atakayeachia nitamchapa."

"Mama, usiende!"

Alikuwa ameshajitosa. Chubwi. Maji yalimsukuma huku na huku, kipande cha barafu kikamkwaruza mgongo, lakini mlango wa handaki aliujua kwa pua. Akaingia. Giza tupu. Akafika mwisho, akaanza kung'ata kama mwenye wazimu. Udongo ukamjaa kinywani, akatema, akang'ata tena. Kifua kikaanza kumuuma kwa kukosa hewa. Akawaza, nikirudi sasa nitapumua, lakini wanangu hawatakuwa na nyumba. Akang'ata mara nyingine.

Mwanga mdogo ukaonekana mbele yake, na maji yakamshika kwa nyuma. Yalimpitisha kwenye lile tundu kama kizibo cha chupa, yakamtupa upande wa pili, juu ya nyasi, akabaki anakohoa.

Nyuma yake tundu likawa mlango. Mlango ukawa lango. Udongo wa juu ukaporomoka, vuu, mapande ya barafu yakaona njia, na mto mzima ukaikata Shingo, ukaenda zake moja kwa moja bila kutazama nyuma. Konani maji yakashuka polepole, yakatulia tuli. Watoto walikuwa bado kwenye tawi, wanne wote, wameling'ang'ania mpaka kucha zimeingia kwenye gome. Sikudhani aliwahesabu mara mbili, kisha akakaa chini akacheka peke yake.

Majani mapya yalipochipua, Bwana Dubu akaamka. Akajinyoosha, akatoka pangoni, akateremka na njaa yake. Aliifikia kona, akatia mkono majini kutafuta trauti. Akatoa chura.

Akatazama maji. Hayakuwa yanakwenda popote. Akatupa jani, likakaa palepale linamtazama.

"Umeamkaje, mzee?" akaita Sikudhani kutoka juu ya paa lake, ambalo alikuwa amelikarabati. "Usiku ulikuwaje?"

"Mto uko wapi?"

"Nimeuweka pale nyuma ya matete. Usikilize."

Dubu akasikiliza. Kweli, shwaaa, mto ulikuwa unapiga kelele mahali ambapo jana, jana yake yeye, palikuwa na nchi kavu. Akaenda, akauona, akatia mguu, akautoa haraka. Maji ya kweli, na baridi yake. Akarudi akiwa ametoa macho.

"Mjumbe! Mjumbe Kobe!"

Kobe akajichomoa kwenye tope, ana nyasi kichwani. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Jana jioni nililaza kichwa hapa maji yakitembea," akatangaza. "Leo asubuhi yamesimama. Na sikusikia kitu, mimi mwenye usingizi mwepesi. Amefanya kwa ustadi mkubwa."

Ng'ambo, Fisi Maji alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Lakini Dubu hakuwa mjinga kabisa, alikuwa mjinga wa kutosha tu. Aliwatazama watoto wa Sikudhani waliokuwa wakipita na mizigo ya matete. "Hawa ni watoto gani?"

"Ni wanangu, mzee. Si uliwaona?"

"Jana walikuwa wadogo kama matunda ya misonobari. Leo wana masharubu."

"Walinisaidia kubeba mto, mzee. Kazi nzito inakuza."

"Na mimi?" Dubu akajishika ubavu. Ngozi ilikuwa imelegea kama shati la kuazima. "Jana nilikuwa na tumbo. Tumbo langu limekwenda wapi?"

Kobe akamtazama Sikudhani. Fisi Maji akaacha hata kucheka, maana hapo mambo yangeweza kuharibika. Angetokea mtu mmoja aseme, "Mzee, umelala miezi," na kila kitu kingekwisha. Lakini nani wa kumwambia? Kofi la babu yake lilikuwa bado linasimuliwa.

Sikudhani akashuka pale juu ya paa, akaogelea mpaka ukingoni, akasimama karibu kabisa na makucha yale.

"Nilisita kukuambia, mzee," akasema kwa sauti ya chini. "Mto ni mzito. Katikati ya usiku nguvu ziliniishia. Nikapanda pangoni kwako, nikakopa zako kidogo. Ulikuwa umelala, sikutaka kukusumbua."

Dubu akajitazama ubavu wa kulia. Akajitazama wa kushoto.

"Umekopa?"

"Kidogo tu. Ukila vizuri zitarudi. Trauti wako wote wako kwenye mto mpya, na huko hakuna tete hata moja la kukusumbua. Na makubaliano yetu, mzee?"

"Yapo, yapo," akajibu Dubu haraka, akirudi kinyumenyume. "Mjumbe ni shahidi. Kona ni yako. Na ya wajukuu zako. Ila nakuomba, Bi Sikudhani, usiku ujao ukipungukiwa nguvu..."

"Nitakwenda kwa mwingine, mzee. Usiwe na hofu."

Tangu siku hiyo Bwana Dubu alivua samaki kwenye mto mpya, akanenepa tena, na kila alipolazimika kupita karibu na ile kona alitembea kwa ncha za vidole. Mara moja tu alikutana na Sikudhani ana kwa ana, njiani, hakuna pa kujificha. Dubu mzima, mwenye mvi kwenye pua, aliinamisha kichwa mpaka kikagusa majani, akasema, "Shikamoo, Bi Sikudhani."

Sikudhani aliangalia nyuma kwanza, aone kama kuna mtu mwingine anayesalimiwa. Alipoona yuko peke yake, akajikohoza.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Nimekomea hapo, na mafunzo ni haya wanangu: mkubwa asiyetaka kuambiwa ukweli, hata mdogo kuliko wote atamdanganya, na wanaojua watanyamaza.